Namna ya Kuandaa Tamasha la Sanaa Makongolosi Bila Sanaa Kuvuruga Ratiba

Kwanza subiri hali iwe ngumu. Hutasubiri sana. Hali ngumu ikishapanda gari Chunya, kilomita 39 za lami, inashuka Makongolosi, inanunua hindi la kuchoma na kuuliza nyumba ya wageni isiyo ghali. Mvua ikijaza maji kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji, hali ngumu. Mvua ikikataa na tumbaku ikanyauka shambani, hali ngumu. Mwamba ukikata, yaani ule mkanda wa mawe yenye mali ukapotea ghafla kama mdeni, hali ngumu zaidi.

Ila ugumu wa hapa petu una tabia zake, na mwandaaji asiyezijua atachekwa. Dunia ikiugua, dhahabu hunona. Mwaka 1934, uchumi wa dunia ukiwa kitandani, Marekani ilipandisha bei ya wakia moja kutoka dola 20.67 hadi dola 35. Ni katika miaka hiyohiyo ya 1930 watu walipomiminika huku kwenye machimbo ya Lupa: Wazungu waliofilisika kwao, na Waafrika waliokuwa wakitafuta fedha ya kodi ya kichwa. Agosti 2020, korona ikiwa imeitikisa dunia, wakia ilivuka dola 2,000. Oktoba 2025 ikavuka 4,000. Kwa hiyo usije na hotuba ya kumfariji mchimbaji kwamba dunia ni ngumu. Anajua, na kimoyomoyo anaiombea isipone haraka. Shida yake ni kwamba bei iko juu na yeye yuko chini, na maji yamemfika magotini.

Hali ikishakuwa ngumu ya kutosha, unda kamati.

Sisi tulianza wanne: fundi cherehani, mwalimu wa kwaya, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na mimi niliyekuwa na daftari. Wazo letu lilikuwa dogo. Mara moja kwa wiki watu wakae pamoja, mwenye shairi asome, mwenye ngoma apige, mwenye hadithi atoe, basi. Kosa letu lilikuwa kulisema wazo hilo mbele za watu. Baada ya wiki mbili tulikuwa kumi na mmoja, na kamati ndogo ya chakula peke yake ilikuwa na wajumbe sita, wawili wakiwa hawajawahi kuwa wajumbe wa kitu kingine chochote. Mara moja kwa wiki ikawa mara moja kwa mwaka. Kukaa pamoja kukaitwa tamasha. Tukachanga, tukanunua viti thelathini vya plastiki, vya bluu, vikiwa bado vimevishwa nailoni. Naomba uvikumbuke viti hivyo.

Kaulimbiu ni lazima. Iwe ni maneno ambayo hakuna mtu anayeweza kuyapinga wala kuyakumbuka. Neno «maendeleo» likikosekana, mjumbe mmoja atauliza kwa nini limekosekana. Sisi tulitaka kujifanya wajanja tukachagua «Sanaa ni Dhahabu». Bango lilichapwa Mbeya mjini, likarudi limeandikwa «Sanaa na Dhahabu». Lilipotundikwa tu barabarani, madalali wawili walisimamisha pikipiki kuuliza sisi pointi moja ya dhahabu tunainunua kwa bei gani.

Vibali nitavipita haraka, kwa kuwa vyenyewe havipiti haraka. Nchi hii ina Sheria Namba 23 ya mwaka 1984 iliyounda Baraza la Sanaa la Taifa ili kufufua na kukuza sanaa, na niliisoma nikafurahi. Halafu nikaanza kuzunguka. Kwenye mlango mmoja niliulizwa na kijana kama litakuwa tamasha la dini, la siasa au la biashara. Nikajibu la sanaa. Yule kijana akanitazama kwa huruma, akaandika «mengineyo».

Sasa tuje kwa mgeni rasmi, maana tamasha lenyewe ni yeye. Mengine yote, ngoma, mashairi, igizo, pilau, ni mapambo ya kumzunguka, kama maua ya karatasi kwenye meza yake. Sheria ya kwanza: asiwe msanii. Msanii ataanza kuuliza kipaza sauti kiko wapi na wapiga ngoma wamekula nini. Sheria ya pili: awe na shughuli nyingine siku hiyohiyo, ili kuchelewa kwake kuwe na heshima. Sheria ya tatu: jukwaa lake liwe na turubai, na la wasanii lisiwe nalo, watu watofautike.

Ratiba yetu ilisema saa 3:00 asubuhi wananchi kuwasili, saa 3:30 mgeni rasmi kuwasili, saa 3:35 ngoma ya kumkaribisha. Ngoma ni ya akina mzee waliotoka vijijini tangu alfajiri, wakiwa wamepakiwa nyuma ya kenta pamoja na ngoma zao. Saa nne hajafika. Saa tano tukaambiwa yuko njiani. Sisi watu wa Mbeya tunajua «njiani» ni neno pana. Jua la Makongolosi si jua la Mbeya mjini, ambako mtu anavaa sweta mwezi wa sita na kujisifu. Huku bondeni linakuja kukutafuta ulipo. Saa sita nikaenda kuwaomba radhi wazee. Mmoja wao, mpiga ngoma kubwa, alikuwa ameiegemeza ngoma yake juani ili ngozi ikaze, kama inavyotakiwa, naye amesimama kando yake akitiririka jasho.

«Shikamoo mzee. Tuvumiliane kidogo.»

«Marahaba, mwanangu. Lakini kinachoanikwa ni ngozi, si mpigaji.»

Saa saba na robo magari yakaonekana kwa vumbi kabla hayajaonekana kwa rangi. Mshereheshaji akanong'ona kwenye kipaza sauti, akidhani amekizima, kwamba wazee wana dakika tatu. Ngoma ambayo kwao huanza jua likishuka na kukolea mtu wa kwanza anapokwenda kulala, sasa dakika tatu! Walipiga. Ndiyo kwanza miguu ilikuwa inaanza kuelewana na ardhi, mgeni rasmi naye kachomoa noti ya kumtunza mcheza ngoma, tukasikia: «Ahsanteni sana, ahsanteni, naomba mkae, itifaki imezingatiwa.» Walikaa wapi, sijui. Viti vya bluu vilikuwa na watu wa msafara.

Hapa nitoke kidogo nje ya mwongozo. Ndugu zetu Wasukuma, ambao wamejaa tele Chunya na ng'ombe wao, wana namna ya kushindana ngoma ambayo ingeua kamati yoyote. Wagika na Wagalu, vyama vyao viwili vya ngoma, huweka uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, kila upande na watu wake. Hakuna jaji, hakuna karatasi ya alama. Mshindi ni yule aliyevuta umati kuliko mwenzake, basi. Miguu ya watazamaji ndiyo inayopiga kura, na inaweza kubadili mawazo katikati ya wimbo. Ndiyo maana wachezaji wao hujitahidi hadi kufikia vituko vya kutisha, vya nyoka na nungunungu. Jaribu kumweka mgeni rasmi katika uwanja wa namna hiyo. Inawezekana umati ukamwacha.

Na wale wa ngoma ya beni je? Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, askari na wapagazi wakifa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi, vyama vya Marini na Arinoti vilienea toka pwani hadi bara, vikicheza kwa gwaride na matarumbeta. Walikuwa na vyeo vyao wenyewe, na kingi wao wenyewe. Mkubwa wa Kizungu hakuhitajika kualikwa, kwa kuwa walishamshona mkubwa wao kwa kitambaa na kumvisha. Nadhani hilo ndilo suluhisho la kudumu la tatizo la mgeni rasmi, na nililipendekeza kwenye kamati. Kumbukumbu za kikao zinasema: «Hoja ilipokelewa.»

Turudi kwenye mwongozo. Mfadhili. Usikubali tamasha lako likose mfadhili, la sivyo utabaki huru na hutajua la kufanya. Wetu simtaji, kwa sababu hadi leo ananikopesha sukari. Tulikuwa tumeandaa igizo juu ya zebaki: mama anachoma dhahabu kwenye kijiko juu ya jiko la mkaa, mtoto yupo mgongoni, moshi unapita hapo katikati. Hapa kila mtu amekwisha kuiona picha hiyo, wengine wakiwa ndani yake. Kuna mkataba wa kimataifa wa mwaka 2013 uliopewa jina la Minamata, mji wa Japani ambako zebaki iliyomwagwa baharini iliwalemaza watu waliokula samaki. Mfadhili alisoma igizo, akalipenda mno, akaomba badiliko moja tu. Neno «zebaki» liwe «uchafu». Kamati ikaona ni badiliko dogo. Basi mwalimu mstaafu akakesha anaandika upya, na igizo la mama na moshi likawa igizo la kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Usiandike igizo lenye shujaa mmoja kwenye mji wa machimbo. Hili ni shauri la kweli, si kejeli, na nalitoa bure. Jumatano kabla ya tamasha ikasikika rashi, yaani mbio za kukimbilia dhahabu mpya, upande wa Itumbi, kwamba kuna watu wamepata mawe yanayong'aa bila kuoshwa. Alhamisi shujaa wetu hakuonekana mazoezini. Ijumaa asubuhi tulibakiwa na mama, mtoto na mbuzi, na mbuzi hakuwa na maneno ya kusema. Mganga, mwenye duara, baba wa mtoto na polisi wote walikuwa wamechukua mtarimbo na tochi. Sikuwalaumu. Fundi cherehani alivaa koti la polisi na kucheza nafasi tatu, akibadili kofia, na watu walicheka sana mahali ambapo tulitaka walie.

Baada ya tamasha, fanya warsha ya ubunifu. Warsha inatakiwa iwe na mwezeshaji aliyetoka mbali, bangokitita, na kalamu za rangi nne ambazo mbili hazitoi wino. Mwezeshaji wetu aliwapa washiriki kazi ya kuchora mti wa matatizo: mizizi ni visababishi, shina ni tatizo, matawi ni athari. Dada mmoja anayeponda mawe kwenye makarasha, zile mashine za kusagia mawe, mwenye vidole vizito kama gunzi, alichora mti vizuri ajabu, mwembe, mpaka gome lake ukatamani kuligusa.

«Vizuri, mama,» mwezeshaji akasema. «Na matatizo yako wapi?»

«Yamekaa chini yake,» akajibu, «yanacheza bao.»

Mwezeshaji alimwekea alama ya kuuliza. Mimi nilitaka kumnunulia yule dada rangi na turubai. Na usinitajie Tingatinga, eti hata huku Chunya kuna mahali panaitwa Lupa Tingatinga. Yule mchoraji, Edward Saidi Tingatinga, alikuwa mtu wa Tunduru, na picha zake za mwanzo alizipaka kwa rangi ya enameli juu ya mbao za singibodi kwa sababu ndizo alizozimudu. Hakuhudhuria warsha.

Wapo wanaosema siku hizi ni ngumu mno kwa sanaa, tungoje mambo yatengemae. Hao walikuwa wapi mwanzoni mwa miaka ya 1980? Vita vya Kagera vimekwisha 1979, hazina tupu, sabuni kwa foleni, sukari kwa kujuana. Katikati ya hayo Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilifunguliwa 1981 na tamasha lake likaanza mwaka uliofuata. Na kule Malya, Mwanza, mnamo 1982 na 1983, watu wa idara ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda kukaa na wanakijiji kwanza. Wakauliza kinachowasumbua, kisha wenyewe wenye kijiji wakaliingiza hilo kwenye ngoma na maigizo yao na kulijadili hadharani. Inasikika rahisi. Jaribu uone ni wajumbe wangapi watakubali mjadala uanze bila kujua utaishia wapi.

Hata jirani zetu wa Iringa usiende kwao kutafuta mfano, utaumia roho. Neema Crafts ilianza mwaka 2003 na vijana wachache viziwi, wakitengeneza karatasi, hata kwa mavi ya tembo. Kamati yetu ingetumia mwaka mzima kutafuta neno la heshima badala ya «mavi».

Kazi ya mwisho ya mwandaaji ni taarifa. Iwe na picha arobaini, thelathini na nane kati ya hizo ziwe za mgeni rasmi akisaini kitabu. Idadi ya washiriki andika mia tatu. Wahesabu na waliopita na bodaboda, kwa kuwa nao waligeuza shingo. Kwenye sehemu ya changamoto andika «ufinyu wa muda». Usiandike kwamba vikundi viwili vya vijana havikupata nafasi kabisa kwa kuwa hotuba ilikolea, wala kwamba binti wa darasa la sita aliyekariri beti kumi na mbili alikatishwa kwenye ubeti wa tatu, akashuka jukwaani akiwa bado anaisogeza midomo.

Tamasha lilipokwisha niliapa kutoandaa kitu tena. Lakini mchenjuaji yeyote wa hapa atakwambia kuhusu marudio. Ukishasaga mawe, ukaosha, ukakamata dhahabu yako kwa zebaki, ule mchanga unaobaki ndio marudio, na mwenye karasha huwa na hamu nao kuliko wewe, kwa sababu kuna mali humo isiyoshikwa na zebaki. Wapo waliojenga nyumba Mbeya kwa mchanga ambao wengine waliuona umeisha.

Kama majuma matatu hivi baadaye nilipita usiku kwenye karasha moja pembeni ya mji. Kulikuwa na foleni ya kusaga. Viroba vya mawe vimepangwa, kila kimoja na alama ya mwenyewe, kitambaa chekundu, kamba ya katani, ndala iliyokatika, na wenye viroba wamelala juu yake wasije wakaruka zamu. Foleni kama hiyo inaweza kuchukua usiku kucha. Pipa la chuma linazunguka, gololi ndani yake zinaanguka kwa kufuatana, gogogo, gogogo, na mlinzi, mtu mzima mwenye koti la mvua lisilo na zipu, anazitungia maneno:

«Nimechimba nimechoka, mwamba wanipa salamu,
Sokoni nikizishika, mzani wazituhumu.»

Akanyamaza. Kutoka kwenye viroba sauti ya mwanamke ikampa ubeti wa kumjibu, wa kumtania kwamba asiyechimba ndiye mwenye tungo za uchovu. Ikaitikiwa. Nikaitambua sauti: yule dada wa mwembe. Aliyefuata ni kijana mmoja wa rashi, shujaa wetu aliyetoroka, karudi mikono mitupu na ubeti mzuri juu ya mikono mitupu. Ndani yake zebaki ilitajwa kwa jina lake, mara mbili.

Nikaanza kwenda kila Alhamisi. Mara ya pili nilikwenda na daftari, na nilipolitoa tu wote wakanyamaza. Walidhani ni mambo ya kodi. Ilibidi nilichane karatasi mbili nikawape wavutie tumbaku ndipo mlinzi akaendelea. Mwalimu wa kwaya huja baada ya mazoezi ya kanisani, hukaa gizani na kuongeza sauti ya besi bila kuombwa. Yule mzee wa ngoma kubwa amekuja mara moja. Alisikiliza gololi zikizunguka, akasema karasha linakimbia mno, halina subira ya mkono, halafu akapiga kwa viganja juu ya dumu tupu hadi likaonekana karasha ndilo linalomfuata yeye. Usiku ule umeme ulikuwepo, kila kitu kilikuwepo, na zamu yangu ya kwenda nyumbani ilipita mara tatu.

Kamati, kwa taarifa yako, bado ipo. Imesikia habari za Alhamisi na imeteua kamati ndogo ya kuzifuatilia. Nimeombwa niwe katibu, nami nimeomba muda wa kutafakari.

Kwa hiyo ukipita Makongolosi siku ya Alhamisi, karibu. Uliza karasha lenye mlinzi wa koti la mvua. Usijitambulishe, usitoe simu kupiga picha, na kama una mradi uache stendi. Viti vipo, thelathini, vya bluu, ila viko stoo kwa mweka hazina pamoja na nailoni zake, vinamsubiri mgeni rasmi wa mwakani. Wewe kalia kiroba. Uliza kwanza ni cha nani.